Pikapu ya Chama: Tununue Jina au Tununue Chesisi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kuwaeleza ndugu wanachama neno moja juu ya shauri lililotushinda katika mkutano uliopita. Waliohudhuria watakumbuka ya kuwa tuliitwa kukata shauri la kununua pikapu ya Chama kwa fedha za michango yetu, ipate kutufaa kupeleka wagonjwa hospitali, kuhudhuria mazishi ya wenzetu walio mbali, kupakia saruji na mchanga wa wale wajengao, na msimu wa korosho ufikapo mwezi wa Oktoba, kufikisha magunia ya wanachama ghalani. Shauri ni jema, wala hapana aliyelipinga. Lakini badala ya kuulizana gari lipi litatufaa, tuligawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Huku wakasema, "Toyota!" Huku wakajibu, "Isuzu!" Na mzee wetu mmoja aliyeketi nyuma akaisifu Land Rover ya ujana wake mpaka sauti ikamkauka. Saa ya kuondoka ikafika, na hatukuwa tumekubaliana hata neno moja.

Mimi si fundi, wala siuzi magari. Mimi ni karani, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa hesabu na madaftari. Basi nitalisema jambo hili kwa njia ya karani, na fundi akiona nimekosea anisahihishe katika toleo lijalo.

Kwanza, yatupasa kuelewana maana ya bei. Bei ya gari si zile fedha zinazotolewa siku ya kununua. Chukua fedha ulizotoa, ondoa zile utakazopata siku ya kuliuza, kisha ongeza zote zilizoliwa na gereji katikati. Hiyo ndiyo bei ya kweli. Natoa mfano wa hesabu tu, wala si bei ya sokoni. Tuseme gari la kwanza, lenye jina kubwa, limenunuliwa kwa shilingi milioni 60, likala milioni 9 gerejini, na baada ya miaka 6 likauzwa kwa milioni 38. Limetugharimu milioni 31. Gari la pili, lisilo na jina, limenunuliwa kwa milioni 42, likala milioni 15, likauzwa kwa milioni 12. Hilo limetugharimu milioni 45. Kumbe lile tuliloliita rahisi ndilo ghali! Hapo wenzetu wa Toyota watapiga makofi, nami nakiri kuwa wana haki ya kupiga.

Maana sifa zao si za bure. Hilux imetengenezwa tangu mwaka 1968, na Land Cruiser za jamii ya 70 tangu mwaka 1984. Injini kama 1HZ ya lita 4.2, isiyo na turbo, na zile za Hilux za zamani kama 3L na 5L, zimefunguliwa na kufungwa na mafundi wetu mara nyingi hata kijana wa gereji aweza kuzitambua kwa mlio. Dunia nzima imezishuhudia. Mwaka 1987 majeshi ya Chad yaliyapiga majeshi ya Libya yenye vifaru kwa kutumia pikapu jangwani, hata vita vile vikaitwa Vita vya Toyota. Tena mwaka 2003 watangazaji wa kipindi cha Top Gear cha Uingereza waliiacha Hilux kuukuu ichukuliwe na maji ya bahari, wakaipandisha juu ya jengo refu lililobomolewa, na baada ya hayo yote fundi akaiwasha kwa zana za kawaida.

Walakini, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jina la gari si tabia iliyozaliwa nalo. Ni imani ya watu wa mahali fulani, na imani hiyo huja kwa sababu. Huko Kenya Isuzu D-Max ina heshima kubwa, kwa kuwa huunganishwa Nairobi katika kiwanda ambacho tangu mwaka 2017 chaitwa Isuzu East Africa, na kabla ya hapo kilikuwa cha General Motors. Huko Afrika ya Kusini watu hushindana Hilux na Ford Ranger kama sisi tulivyoshindana juzi, maana Hilux huundwa Durban na Ranger huundwa Silverton, Pretoria. Kila mahali jina hufuata spea na fundi. Mahali palipo na spea na fundi, pana mnunuzi. Na palipo na mnunuzi, gari la zamani hushika bei.

Na asiyeamini ya kuwa jina huhama, na amtazame mzee wetu wa Land Rover. Gari lile lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na kwa miaka mingi baadaye hapakuwa na mkuu wa wilaya, mganga wala bwana shamba katika nchi yetu aliyeenda safari pasipo hilo. Leo je? Askari wetu wa polisi wakipita na Land Cruiser, watoto husema, "Difenda hiyo!" Jina la Land Rover limebaki mdomoni, na gari lililo chini ya jina ni la Toyota. Ikiwa jina lililotawala namna hiyo liliweza kuondoka, hapana jina lisiloweza kuondoka.

Sasa nafika kwenye kiini cha barua yangu, nacho ni chumvi.

Sisi tunakaa pwani. Upepo wa kusi na wa kaskazi hutuletea chumvi mpaka madirishani. Njia ya kwenda Msimbati ni mchanga. Mikindani gari hupita ubavuni mwa bahari. Na wenzetu wanaofanya kazi upande wa Kilambo, karibu na mlango wa Ruvuma, hupita matope yenye maji ya chumvi. Land Rover ya zamani ilikuwa na mwili wa aluminiamu, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza. Aluminiamu haili kutu kama chuma. Lakini chesisi yake ilikuwa ya chuma. Na ndiyo maana twaona mpaka leo Land Rover zilizoachwa, mwili mzima kama sahani, na mifupa imekwisha kuliwa.

Wala Toyota haikupewa kinga. Huko Marekani, ambako humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, wenye pikapu za Tacoma na Tundra walikwenda mahakamani kwa sababu chesisi zao zilioza. Mwezi wa Novemba 2016 kampuni ilikubali suluhu, bila kukiri kosa, iliyohusu magari yapatayo milioni 1.5 na kukadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Lile gari la Top Gear lilikunywa bahari kwa siku moja. Magari yetu huilamba bahari kwa miaka kumi. Mitihani hiyo miwili si sawa.

Mimi mwenyewe nimelipa ada ya somo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilishirikiana na ndugu yangu kununua pikapu kuukuu yenye jina la kusifiwa. Jina lenyewe nalificha, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Tuliangalia rangi, tukaangalia viti, tukasikiliza injini ikilia vizuri. Chini ya gari tukaona rangi nyeusi mpya inayong'aa, tukafurahi tukidhani mwenyewe alikuwa mtunzaji. Mwezi wa nne, tukiwa na magunia ya korosho mchangani, tulisikia mlio kama mti unaovunjika. Chesisi ilikatika nyuma ya kibini. Ile rangi nyeusi ilikuwa sanda. Injini ilikuwa nzima kabisa, nasi tukaiuza peke yake kama anayeuza moyo wa ng'ombe aliyekufa.

Haya, turudi kwenye hesabu yetu ya kwanza. Lile gari lenye jina lililonunuliwa kwa milioni 60, tuseme limeoza chini, na siku ya kuuza likapata milioni 15 badala ya 38. Gharama yake haiwi tena milioni 31, bali 54. Yaani imezidi hata lile lisilo na jina. Ndugu zangu, jina lililooza ni ghali kuliko gari lolote.

Tena kuna jambo la spea. Mwezi wa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara huko Somanga, tulikaa siku kadhaa bila njia ya Dar es Salaam. Siku zile mwenye gari lililohitaji kifaa cha mjini alikaa akilitazama, na mwenye gari ambalo kifaa chake kiko dukani hapa Mtwara aliendelea na safari zake. Kadhalika injini mpya za dizeli, za kampuni zote, zina nozeli na pampu zinazofanya kazi kwa umeme na mgandamizo mkubwa. Zina nguvu na hula mafuta kidogo, lakini hazivumilii dizeli chafu ya kwenye madumu. Gari la Chama litakwenda Newala na Tandahimba, na pengine litanunua mafuta mahali pasipo na kituo. Hilo nalo na lipimwe.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Fedha tulizonazo hazitoshi kununua Hilux changa. Zatosha kununua Hilux iliyochoka, ama Isuzu au Nissan Hardbody yenye umri mdogo zaidi. Wasemao tuchukue Hilux iliyochoka kwa kuwa ina soko, nawauliza: soko hilo litatungoja baada ya miaka sita mingine ya chumvi? Mimi nasema tuchukue lile lenye mifupa mizima, maadamu mafundi wawili wa hapa Mtwara, wasiojuana na muuzaji, wakiri kuwa wamekwisha kufungua injini ya namna hiyo, na klachi yake, breki zake na chujio zake ziko madukani hapa. Likipatikana la Toyota na la kampuni nyingine yaliyo sawa katika hayo, basi tuchukue la Toyota, wala sitabisha. Lakini chesisi itangulie, jina lifuate.

Na kabla ya kulipa, gari lipandishwe juu, lipigwe nyundo ndogo toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Palipo na rangi mbichi, ikwanguliwe. Muuzaji akikataa, tumwage kwa heshima, tuondoke.

Neno la mwisho latuhusu sisi watumishi hasa. Kila siku twaona magari ya kazi yenye namba za STK na SM. Huenda mawili yamenunuliwa siku moja, namna moja, rangi moja. Baada ya miaka sita, moja lapanda Newala bila wasiwasi, na la pili limelala juu ya matofali chini ya mwembe. Jina ni lile lile, kiwanda ni kile kile. Kilichotofautiana ni dereva, maji ya kuoshea na daftari.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Gari letu na liwe na daftari tangu siku ya kwanza: nani aliliendesha, lilikwenda wapi, kilometa ngapi, oili ilibadilishwa lini, kifaa gani kilifungwa na kwa bei gani. Kila litokapo Msimbati au Kilambo lioshwe chini kwa maji baridi ya bomba siku ile ile, na aliyelitumia atie sahihi. Na kila mwezi fedha kidogo ziwekwe kando kwa ajili yake, zisiguswe kwa jambo jingine.

Siku ya kuliuza itakapofika, mnunuzi atakuja na nyundo yake, kama sisi tulivyokwenda na yetu. Ataligonga, atasikia linalia. Kisha tutamfungulia daftari aone miaka sita mkono kwa mkono. Hapo hatauliza sana limetengenezwa na nani. Sisi ni makarani, walimu na wauguzi. Hatuwezi kuunda motokaa, lakini kuandika tunajua. Thamani hiyo yaweza kutoka mikononi mwetu wenyewe.

Namwomba Bwana Katibu aliweke jambo hili mbele ya mkutano ujao, na wanachama waje wakiwa wamepunguza kelele.

Wasalaam,
Ni mimi mwanachama mwenzenu,
KARANI WA SHANGANI,
Mtwara.