Mshipa si Bomba: Ugumu wa Ateri Huanzia Katika Seli

Katika masoko na vituo vya matatu vya miji ya Bonde la Ufa, Naivasha ikiwamo, si ajabu kusikia dawa ikinadiwa kwamba "husafisha mishipa". Mnunuzi huambiwa kuwa mishipa yake ya damu ni mabomba yaliyoshika kutu, na kwamba chupa moja yatosha kuyazibua. Maelezo hayo huaminika upesi kwa sababu lugha yenyewe imeyatengenezea njia. Makala haya yanashikilia kwamba mfano wa bomba ni kosa la kisayansi na hatari kwa mgonjwa, na kwamba wajibu wa kuusahihisha ni wa wataalamu wa Kiswahili sawasawa na ulivyo wa matabibu.

Tatizo la kwanza limo katika neno lenyewe. Kwa mzungumzaji wa kawaida, mshipa ni njia ya damu itokayo moyoni, ni njia ya damu irejeayo moyoni, ni neva, na pengine ni ugonjwa wa ngiri. Mfanyakazi wa shamba la maua anayeishi Karagita akiambiwa kuwa mishipa yake imekuwa migumu, hana namna ya kujua ni mshipa upi wala umegumuka vipi. Istilahi ateri na vena zimo katika vitabu vya shule, lakini aghalabu hazifiki kwenye benchi la mgonjwa. Pengo hilo ndilo linalojazwa na muuza chupa.

Je, ni nini hasa kinachotokea? Ukuta wa ateri una tabaka tatu, na tabaka la kati limejaa seli za misuli laini. Kazi ya seli hizo ni kunywea na kulegea, ili ateri iweze kuupokea msukumo wa damu kila moyo unapopiga. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, au figo zinaposhindwa kuitoa fosfati, seli hizo hubadilika. Hupoteza protini za kunywea, na jeni iitwayo Runx2, ambayo kwa kawaida huongoza ujenzi wa mifupa, huamka ndani yake. Seli ya msuli huanza kutenda kazi ya seli ya mfupa: hutoa vifuko vidogo mno ambamo kalsiamu na fosfati hushikana na kuwa fuwele. Seli nyingine hufa, na mabaki yake huwa mbegu ya fuwele zaidi. Kwa hiyo ugumu huu si takataka iliyokwama njiani. Ni ujenzi, ila unafanyika mahali pasipostahili.

Ushahidi wa jambo hili si haba. Mwaka 1858 Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Ujerumani, alichapisha kitabu kilichoshikilia kuwa chimbuko la maradhi limo katika seli. Mwaka 1993 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa protini inayochochea ujenzi wa mifupa imo katika ateri za binadamu zilizogumuka. Kisha mwaka 1997 ikabainika kwamba panya waliokosa protini iitwayo MGP, ambayo huhitaji vitamini K ili ifanye kazi, walikufa katika muda wa miezi miwili hivi, ateri zao zikiwa zimejaa kalsiamu na kupasuka. Funzo lake ni zito. Kalsiamu na fosfati zimo katika damu ya kila mtu, na kinachozizuia zisigande ukutani ni ulinzi wa mwili ulio hai. Swali la kuulizwa, basi, si "uchafu umetoka wapi?" bali "mlinzi amepatwa na nini?"

Wakazi wa Naivasha wana mfano wa karibu zaidi kuliko bomba. Maji ya visima vingi vya eneo hilo yana floraidi nyingi, na alama zake huonekana katika meno ya rangi ya kahawia. Kila aliyewahi kuyasugua meno hayo anajua kuwa rangi haitoki. Sababu ni kwamba dosari hiyo haikupakwa juu ya jino. Iliingia utotoni, wakati seli zilipokuwa zikilijenga jino chini ya ufizi. Floraidi haitajwi hapa kama chanzo cha ugumu wa ateri; inatajwa kwa sababu kanuni ni moja. Kilichoingia wakati wa ujenzi hakioshwi.

Wapo watakaodai kwamba mgonjwa anahitaji maneno mepesi, na kwamba habari za seli ni za maabara. Hoja hiyo haina mashiko. Mtu anayefanya kazi ndani ya kivungulio hashindwi kuelewa akiambiwa: vibarua walioajiriwa kukunja na kukunjua turubai wameanza kufyatua matofali mumo humo. Maneno hayo ni mepesi, na ni ya kweli.

Tofauti ya mifano hii miwili ni tofauti ya matendo. Aaminiye bomba husubiri lizibe, kisha hutafuta cha kulizibua. Huenda hata akaacha vidonge vya shinikizo la damu. Aelewaye seli hujua kwamba ateri hugumuka bila maumivu, kwamba ateri ngumu huulemea moyo na kuziharibu figo, na kwamba figo zilizoharibika huzidisha fosfati na kuirudisha hasara ile ile kwenye ateri. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuurudisha ukuta kama ulivyokuwa. Kinga ni kupima na kudhibiti shinikizo na sukari mapema. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya Wakenya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utakuwa wa karatasi tu iwapo mgonjwa wa Naivasha hataelezwa mwili wake kwa Kiswahili sahihi. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina uwezo wa kuketi na wanafunzi wa udaktari na uuguzi, kuandaa maelezo mafupi yanayotenganisha ateri, vena na neva, na kuyapeleka kliniki na mashambani. Samaki hukunjwa angali mbichi. Ateri nayo hulindwa ingali laini.