Mzigo wa Kariakoo ambao haukufika Kayanga

Leo tunawaandikia kutoka mbali na bahari, huku Kayanga, wilayani Karagwe.

Sisi ni mafundi wa kike watatu katika fremu moja. Pesa za kahawa zikishaingia, harusi hufuatana Karagwe na Kyerwa, na sare za harusi ndizo zinazotulisha. Tulipewa kazi ya familia moja ya Nkwenda. Satini ya rangi waliyoitaka hatukuipata hapa, tukaiona Instagram kwa muuzaji aliyesema duka lake liko Kariakoo. Bei nzuri. Salamu zake kama zetu, na kila sentensi ya pili ni Wallahi.

Wakati wa kutuma pesa, simu ilituonyesha jina la mwanaume, wala halikufanana na la duka. Tukauliza. Akajibu ni mhasibu wake. Tukatuma 250,000, kisha nauli ya mzigo. Akaturushia picha ya kifurushi kimeandikwa KARAGWE kwa kalamu nene. Tukakaa stendi mpaka basi likapakua kila kitu, hata majogoo ya watu. Usiku ule ule akatublock.

Watu husema aliyetapeliwa alikuwa na tamaa. Hatukubali. Sisi tulikuwa na umbali na tarehe ya harusi. Na huo ushauri wa "nenda dukani ukajionee" ni wa mtu wa Dar es Salaam. Kutoka kwetu, nauli ya kwenda na kurudi inamaliza faida yote.

Kosa letu kubwa lilikuja baadaye: tulinyamaza. Aibu. Tukanunua kitambaa Bukoba kwa bei ya juu, tukashona kwa hasara, hata waume zetu hatukuwaambia. Miezi miwili baadaye fundi mwenzetu wa Kyerwa akatuonyesha simu yake huku akilia. Picha ya kifurushi ni ile ile, mwandiko ule ule. Zilikuwa pesa za mwanawe kwenda kidato cha kwanza. Tungesema mapema, angekuwa nazo.

Sasa kila namba ya tapeli tunairipoti TCRA kupitia 15040, na tunaitaja kwenye kikoba bila kuona haya. Muuzaji mpya tunampigia simu ya video akiwa dukani, tunamwambia aandike jina letu kwenye karatasi aishike pamoja na jora. Mwenye duka la kweli hucheka, anaandika. Nusu ya pesa tunaitoa mzigo ukishapokelewa ofisi ya basi, na namba ya ofisi hiyo tunaichukua stendi ya hapa Kayanga, hatuipokei kwa muuzaji. Jina la mpokeaji wa pesa likipishana na la duka, tunaacha, hata kama bibi harusi amenuna.

Na ninyi mnaonunua tiketi za shughuli kwa mtu wa WhatsApp, picha moja ya tiketi inaweza kuuzwa kwa watu hamsini. Mlangoni ataingia mmoja.

Ukurasa ule umebadilisha jina, sasa unauza mabuibui na mitandio. Tumeutambua kwa mkono unaoshika kitambaa kwenye picha: pete ya fedha, na hina kwenye kidole kimoja tu. Mkiuona huko Unguja au Pemba, mwambieni jirani leo hii.