Jenga Baraza Kwanza, Sebule Itafuata

Kuna imani imeota mizizi miongoni mwetu tunaojenga mijini, nami naipinga waziwazi: kwamba baraza ni nafasi iliyopotea. Mchora ramani hulifuta ili vyumba viongezeke. Shemeji akija saiti huuliza kwa nini ukuta usisogezwe mbele, sebule ikapanuka. Fundi naye hushauri mbao za kenchi zisiishie mahali pasipolala mtu. Mwenye nyumba, ambaye kila mfuko wa saruji unamuuma, hukubali upesi. Baraza litaongezwa baadaye, Mungu akijalia.

Kisha nyumba huhamiwa, na kaskazi ya kwanza ikiingia ukweli hujitokeza. Pita Goba, Kibada au Chanika jioni moja ya Januari umeme ukiwa umekatika. Utakuta familia zimekaa kwenye ngazi za mlango, juu ya ndoo zilizopinduliwa, ubavuni mwa gari, popote penye hewa. Ndani kuna makochi mapya na kabati la runinga, na hakuna anayeweza kuvumilia kukaa humo. Mtu amejibana miaka na miaka kujenga nyumba, sasa anaishi nje yake, tena bila paa juu ya kichwa. Hili linaniuma, kwa sababu kosa lilifanyika kwenye karatasi, siku ambayo kulirekebisha kungegharimu kifutio tu.

Sababu ya joto hilo haina siri. Tofali la saruji hupokea joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Ukuta uliopigwa na jua tangu saa nane mchana hadi magharibi utaendelea kukichoma chumba mpaka watoto wamelala, hata kama nje pameshapoa. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu sana, kwa hiyo kuta zinazotazama kaskazini na kusini hukingwa kwa sehemu kubwa na ukingo wa kawaida wa paa. Tabu iko mashariki asubuhi na magharibi alasiri, jua linapoiingilia nyumba ubavuni.

Hesabu yake inafanyika kwa penseli. Saa kumi na nusu alasiri, mwezi Januari, jua huwa limebakiza kama digrii 30 juu ya upeo wa macho. Paa lililotokeza sentimita 60, kama tunavyozoea kujenga, kwa pembe hiyo hushusha kivuli cha sentimita 35 tu ukutani. Dirisha karibu lote liko juani. Sasa litokeze paa hilo mita 2.5, yaani weka baraza. Kivuli kinashuka karibu mita 1.45. Kama ukingo wa paa la baraza uko mita 2.4 kutoka sakafuni, kivuli kimelifunika dirisha lote hadi usawa wa kizingiti chake cha chini. Jua likizidi kushuka baada ya saa kumi na moja, pazia la mianzi lililoning'inizwa kati ya nguzo linamaliza kazi. Hakuna rangi ya ukutani wala dirisha la aluminiamu lenye kioo cheusi linaloweza kufanya hivyo, maana kioo kikishapigwa na jua, joto limeshafika mlangoni. Baraza hulizuia jua kabla halijagusa ukuta.

Najua jibu linalokuja: tutafunga kiyoyozi. Haya, tuhesabu na hicho. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, cha BTU 12,000, kikifanya kazi kwa nguvu hula karibu uniti moja ya umeme kwa saa. Kikipumzikapumzika, kwa muda wa saa nane kila usiku kitameza uniti tano na zaidi. Hizo ni uniti 150 kwa mwezi kwa chumba kimoja, na kwa bei tuliyoizoea ya takriban shilingi 350 kwa uniti, umeshavuka shilingi 50,000. Familia iliyokuwa chini ya uniti 75 kwa mwezi, ikinunua umeme kwa bei nafuu ya watumiaji wadogo, inatolewa huko na mashine moja. Na umeme ukikatika, chumba kile kisichopitisha hewa kinageuka tanuri. Baraza halijui mgao.

Waliojenga pwani hii kabla ya umeme kuenea walilijua jambo hili, matajiri kwa maskini. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib pale Unguja mwaka 1883, aliizungushia varanda pana ghorofa kwa ghorofa, zikibebwa na nguzo za chuma. Wajerumani walipojenga hospitali yao ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 1897, hawakuwaweka wagonjwa nyuma ya kuta tupu, waliwapa varanda. Na mfanyakazi wa kawaida wa Kariakoo, Ilala au Magomeni alijenga nyumba yake ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na mbele baraza la saruji lililokingwa na paa. Hapo ndipo alipopokea wageni, alipokunywa kahawa, alipocheza bao, aliposuluhisha ugomvi wa watoto wake. Hakuna aliyemwambia kuwa anapoteza nafasi. Hata katika miaka ya 1970, msanifu Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo, aliliezeka kwa miamvuli mikubwa ya zege na kuacha upepo upite chini yake. Maarifa hayo ni yetu na hayajazeeka. Tumeyaacha wenyewe.

Tumeyaacha kwa ajili ya nini? Kwa sasa, kwa ajili ya paa la kuficha. Ndiyo mtindo unaotamba: kuta zimepandishwa juu ya bati, paa halionekani, nyumba inafanana na kasha, na kuta zote nne zimebaki uchi. Mvua ya masika inaulowesha ukuta kutoka juu hadi chini, jua linaukausha, rangi inabanduka, na mfereji uliofichwa kati ya bati na ukuta ukiziba majani, maji yanaingia kwenye dari ya jipsamu. Kwenye picha inapendeza sana. Lakini picha haikai Mbezi mwezi wa pili.

Hoja ya gharama ndiyo inayowashinda wengi, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Chumba kinahitaji kuta, linta, dirisha, grili, plasta, dari, nyaya na mlango. Baraza linahitaji msingi, sakafu, nguzo, kenchi na bati. Kwa ukubwa uleule, baraza ndilo la bei nafuu kulijenga, na ndilo linalokaliwa tangu asubuhi hadi usiku. Linganisha na chumba cha kulia ambacho kila ramani siku hizi lazima iwe nacho: katika nyumba ngapi ile meza imekuwa mahali pa kurundika nguo zinazosubiri pasi? Chumba hicho hakuna anayekiita nafasi iliyopotea. Barazani mama anachambua mchele, mtoto anafanya kazi ya shule, babu anapumzika, nguo zinakauka siku ya mvua, mgeni ambaye hujataka kumwingiza ndani anapata kiti. Ukifika msiba au shughuli, watu wa mwanzo kufika hawakai juani wakisubiri maturubai yaletwe.

Faida nyingine huwa haitajwi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Bati la baraza la mita za mraba 20, likiwa na mfereji na tangi la kutosha, lingeweza kukukingia maelfu ya lita za maji ambayo leo yanachimba makorongo kiwanjani kwako.

Turudi kwenye lile neno baadaye, kwa sababu ndilo lenye madhara makubwa. Baraza la kuongezwa halifanani na baraza lililozaliwa na nyumba. Nyumba ikishapauliwa, ukingo wa bati lake uko labda mita 2.4 kutoka chini. Paa jipya linapachikwa chini ya hapo, nalo lazima liwe na mteremko. Likitoka nje mita 2.5, linaishia kwenye kimo cha mtu mzima, na mrefu anainama kuingia nyumbani. Fundi akilinyoosha ili lisishuke, maji yanatuama na kurudi ukutani. Bati likiwa chini hivyo, joto lake linakushukia utosini. Nguzo nazo mara nyingi husimamishwa juu ya vitofali vya kutandika uani, bila msingi. Mvua mbili zikipita zinatitia, na ufa unatokea paa linapokutana na ukuta. Na paa lililo wazi chini husukumwa na upepo kutoka chini kwenda juu. Lisipofungwa kwa nondo iliyozama kwenye zege la nguzo, siku ya dhoruba litakwenda kwa jirani. Baada ya hayo yote watu husema: umeona, baraza halina maana. Kumbe kilichoshindwa ni kiraka.

Wanaohofia wezi niwaambie kwamba mlango wenye watu wanaokaa mbele yake una ulinzi kuliko mlango wenye kufuli mbili na mtaa usioutazama. Kama bado una hofu, weka grili kwenye baraza, lakini acha hewa ipite. Mbu ni kweli wapo. Tandaza wavu upande mmoja, na usiku lala ndani ya chandarua kama siku zote. Mwenye kiwanja kidogo asianze kupunguza kwenye baraza, aanze kwenye sebule ya pili. Mjane aliyeligeuza baraza lake kuwa fremu ya duka ili watoto wasome, huyo sina neno naye. Ninaowalaumu ni wale wanaolipwa kuchora nyumba za watu na kuwaambia kwamba kivuli ni anasa.

Kwa aliyekwisha kujenga na kuhamia, njia ipo. Asipachike bati chini ya ukingo. Asimamishe nguzo zake zenye msingi wake, aliinue paa jipya juu ya ukingo wa paa la zamani na kulipishia kwa ndani, pabaki nafasi ya kutolea joto kati ya paa mbili. Itamgharimu zaidi, lakini atakuwa na baraza la kweli. Asiye na uwezo huo apande mkungu au mwarobaini upande wa magharibi, au afunge mbao chache na kuupandisha mpesheni juu yake, huku akijipanga.

Lakini wewe ambaye boma lako bado halijapauliwa, una bahati. Kabla hujanunua bati hata moja, simama kwenye kiwanja chako saa kumi na nusu alasiri uone jua linapiga ukuta upi. Kisha mwite fundi na umwambie kenchi za upande huo zitoke mita mbili na nusu, nguzo zichimbiwe msingi pamoja na nyumba, na pesa yake itoke kwenye fungu la chumba cha kulia. Akikwambia unapoteza nafasi, usimsikilize.