Podikasti ya Kusini: kipengele kipi kirudi kila wiki, na kipi kisikae kwenye simu?

Aprili 2019 wakazi wa pwani ya Mtwara walitahadharishwa kuhusu kimbunga Kenneth, na wengine wakahamia sehemu salama. Tarehe 25 kimbunga kikapiga kusini zaidi, Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Aliyekuwa na redio alipata habari kadiri zilivyobadilika. Lakini sauti iliyorekodiwa asubuhi na kutumiana kwenye simu haijui kwamba mwelekeo umebadilika. Inaendelea kusema yale yale.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kufikiria sasa, wakati vituo vingi vya redio vinaweka vipindi vyao kwenye simu kama podikasti, yaani vipindi vya sauti unavyopakua na kusikiliza muda unaotaka. Kwa mkulima aliye mbali na mnara wa simu ni msaada mkubwa: anapakua akiwa mjini au senta, anasikiliza akiwa shambani. Swali ni vipengele gani viwemo, na virudi lini.

Je, kwa nini kipengele kirudi?

Redio yetu ina majibu ya zamani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Wanakikundi walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianzisha mchezo wa Twende na Wakati, uliosikika mara mbili kwa wiki, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI.

Msikilizaji alijua siku na saa, na alijua kwamba kilichoanzwa leo kitaendelezwa. Ndiyo maana aliweza kupanga kazi zake na kuwaita majirani. Kipindi kinachobadilika kila mara humlazimu msikilizaji kuanza upya kila mara.

Bei ya korosho: habari moja, vipengele viwili

Msimu wa minada unapoanza, kwa kawaida Oktoba, kila mtu Tandahimba, Newala, Masasi na Mtwara Vijijini anauliza: leo imeuzwa bei gani? Jibu hilo linachacha haraka. Bei ya mnada wa wiki iliyopita ikisikilizwa leo kama mpya, mkulima anaweza kufanya uamuzi mbaya, hata kumuuzia mnunuzi wa kangomba kwa kudhani bei imeanguka. Kwa hiyo kipengele cha bei kianze na tarehe ya mnada na jina la chama kikuu, TANECU au MAMCU, kabla ya kutaja shilingi yoyote. Mnada mpya ukifanyika, sauti ya zamani iondolewe.

Lakini kuna swali la pili lisilochacha: kwa nini bei niliyoisikia si fedha niliyoipokea? Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, kati ya bei ya mnada na mfuko wa mkulima kuna makato: ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, za ushirika na nyinginezo. Kipengele kinachoeleza kato moja kila wiki, kwa mfano wa kilo 100, kinaweza kukaa kwenye simu msimu mzima. Mkulima atakirudia siku anaposhika karatasi yake ya malipo.

Bahari ina kalenda yake

Kwa watu wa Msimbati, Msanga Mkuu na vijiji vya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, wiki ya Jumatatu hadi Jumapili si kipimo pekee. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na ndipo wachokoaji wa pweza hupata nafasi kubwa zaidi kwenye miamba. Kipengele chao kinaweza kutoka siku mbili kabla ya bamvua. Nyakati za maji hujulikana mapema, hivyo haziharibiki zikihifadhiwa.

Upepo na mawimbi ni jambo jingine. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilitolewa moja baada ya nyingine. Taarifa za namna hiyo zibaki hewani, kwenye redio. Zikiwekwa kwenye simu, zitaje saa zilipotolewa na saa ya mwisho wa kutumika.

Kipengele kinachokosekana: tuliishia wapi?

Oktoba 2018 wakulima walikataa bei za mnada. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Baadaye ukaja uhakiki wa wakulima, kisha suala la madaraja, na korosho ya daraja la pili ikalipwa shilingi 2,640. Wapo waliosubiri fedha hadi mwaka uliofuata. Tangazo la kwanza lilisikika na kila mtu. Hatua zilizofuata hazikuwa na kishindo kile.

Hapa ndipo podikasti inaweza kuisaidia redio. Sauti ya ahadi imehifadhiwa, na tarehe yake ipo. Dakika tatu za mwisho wa kila kipindi zitumike kuirudia: nani aliahidi nini, lini, na leo pamefikiwa wapi. Hata jibu likiwa "bado", lisemwe, na wiki ijayo liulizwe tena.

Nawe msikilizaji, ukitumiwa sauti yoyote ya bei au ya hali ya hewa, itafute tarehe kwanza. Isipokuwa nayo, usiuze korosho wala usiingize chombo majini kwa ajili yake.