Reggae ya siasa tuliipata, ya jukwaani je?

Panda matatu jioni kutoka Kisii mjini ukija Mosocho. Kabla hujalipa nauli, kiti kinatetemeka. Hiyo ni besi, na mara nyingi imepigwa na Wajamaika walioirekodi kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Sasa niambie ukweli: mara ya mwisho kusimama mbele ya bendi ya reggae inayopiga laivu ilikuwa lini? Wasee wengi huku jibu lao ni flashi.

Chukua Black Uhuru. Walianza Kingston mwaka 1972, wakajiita kwa neno letu wenyewe, na mwaka 1985 albamu yao, Anthem, ikashinda Grammy ya kwanza kabisa ya reggae. Tafuta Tear It Up, albamu yao ya laivu ya 1982, uisikilize kwa spika, si kwa simu. Hapo ndipo unaelewa kazi ya Sly Dunbar kwenye ngoma na Robbie Shakespeare kwenye besi.

Halafu kuna dub. Sauti ya mwimbaji inatolewa, ngoma na besi zinabaki, kisha neno moja linarudi na mwangwi kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Kwenye shoo ya dub, anayefanya hivyo wala hayuko jukwaani. Ni fundi wa sauti, yule jamaa wa miksa ambaye hakuna anayempiga picha. King Tubby, baba wa mtindo huo, alikuwa fundi wa redio mtaani Waterhouse. Prince Jammy, aliyetengeneza albamu ya kwanza ya Black Uhuru mwaka 1977, alipitia mikononi mwake.

Mafundi wa aina hiyo si wageni kwetu. Unawajua: wale wanaofufua amplifaya iliyoungua kwa waya na solda. Besi nayo tulikuwa nayo kabla ya umeme. Msikilize mzee anayepiga obokano, ile ala kubwa ya nyuzi nane, uniambie kama kifua chako hakijibu.

Kinachokosekana ni jukwaa, na hapa ndipo siasa inaingia. Oktoba 20, 2020, Gusii Stadium ilipendezeshwa kwa ajili ya Mashujaa Dei. Kesho yake, papa hapa Kisii, ripoti ya BBI ikakabidhiwa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Kampeni yote ilijiita reggae. Mahakama Kuu ikaisimamisha Mei 2021, Mahakama ya Juu ikaimaliza Machi 2022. Spika zilikuwepo, umati ulikuwepo. Bendi ndiyo tuliyoikosa.

Nimebeba spika za mikutano kama hiyo, kwa hivyo najua kidogo. Mwanasiasa mmoja, simtaji, bado ana deni letu la siku mbili na mafuta ya jenereta. Kijana wa sauti huku anaishi kwa kampeni, harusi na matanga. Uchaguzi ukiisha, kazi inakauka, na kijana anauza miksa.

Na si eti hakuna mwenye jukumu. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Orodha hiyo hiyo inaipa pia kazi ya kudhibiti kelele. Sisi wa spika tunaufahamu zaidi huo mkono wa kelele. Ule wa burudani hatujausalimia vizuri.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo huwa vimejaa wazee, na barabara ndiyo hoja. Sawa, barabara ni muhimu. Lakini wewe nyanyuka uulize ni shilingi ngapi zimetengwa za jukwaa, umeme na fundi wa sauti, na bendi gani za hapa zitapiga. Uliza pia watalipwa lini. Hilo la malipo usilisahau.