Fundi alipwe, lakini aulizwe

Vijana wenzangu, leo siongelei Katiba. Naongelea gari la baba mdogo.

Baba mdogo ana Toyota IST anayofanyia teksi hapa Dar. Asubuhi moja gari likagoma kuwaka, ukizungusha ufunguo linalia "tik, tik" basi. Fundi akaja, akasema selfu imekufa. Laki moja na nusu ikatoka, selfu ikabadilishwa. Risiti hakuna, na selfu ya zamani akaondoka nayo.

Wiki mbili baadaye, tik tik ileile. Jirani yetu, dereva mstaafu wa daladala, akafungua boneti akatuonyesha vichwa vya betri: vimejaa unga mweupe na vimelegea. Maji ya moto, mswaki wa zamani, spana namba 10 ya kukazia. Gari likawaka. Kumbe fundi alipochomoa na kurudisha waya za betri ili afunge selfu, zilishika kidogo tu.

Nikakasirika kama mwanafunzi wa sheria, yaani nikafungua vitabu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakupa nafasi ya kuukataa mkataba uliokubali kwa kudanganywa. Safi. Ila kwenye ushahidi, anayedai ndiye anayethibitisha. Nithibitishe na nini? Risiti sina, selfu sina.

Nikaapa: hakuna fundi tena. Pedi za breki za mbele nikabadilisha mwenyewe kwa kuangalia video, nikajipiga na picha. Baba mdogo akawasha, akarudi nyuma, akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini. Lililomsimamisha ni geti. Sikujua kwamba ukishasukuma pistoni ndani ili pedi mpya ziingie, lazima ukanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ndipo gari lisogee. Ingekuwa barabarani, na abiria ndani, jamani!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Oili, maji, upepo wa matairi, eya klina, vichwa vya betri: jifunze, fanya mwenyewe. Breki, usukani, na kazi yoyote ya kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake: usiguse. Mpe fundi.

Na ukimpa, mlipe kwa haki. Tunambana hela ya ufundi mpaka inabaki ya soda, halafu tunashangaa anapotafuta faida kwenye spea. Mlipe kwa kuchunguza, hata akikuta tatizo ni waya tu. Wengi wao ni vijana kama sisi, wamejifunzia chini ya mwembe. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia kazini. Mwambie fundi wako.

Halafu dai vitu viwili: risiti, na kipuri cha zamani mkononi mwako. Kila siku tunaidai serikali ionyeshe hela zetu zimeenda wapi. Anayetoa laki na nusu bila kuuliza, mdomo wa kuulizia mabilioni ataupata wapi?

Geti limeshachomelewa. Fundi tumempa hela yake yote bila kumpunja, na risiti ninayo mimi.