Mnasihi Naye Ana Deni

Mama mmoja wa Kisauni, msomaji wetu, ametuletea swali ambalo tumeona si lake peke yake. Binti yake alisomea unasihi chuo kikuu akahitimu, na sasa kazi yake ni kuwasikiliza wazazi wa Makongeni, mashariki mwa Nairobi: mama aliyejifungua akawa hamtaki mtoto, baba aliyeachishwa kazi akawa hasemi na mtu nyumbani. Malipo ni haba, na wako wasiolipa kabisa. Mkopo wa HELB aliosomea bado uko juu yake. Mama auliza: vipi mwanangu awaondolee wazazi wa watu mawazo, ilhali yeye mwenyewe halali usiku?

Makongeni haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ndiyo iliyofika Nairobi mwaka 1899, na mtaa huo wa kando ya barabara ya Jogoo ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli hiyo. Mwaka 2025 wakazi wake walitakiwa wahame kupisha ujenzi wa nyumba mpya za mpango wa serikali. Tumfikirie mama aliyelea wanawe katika nyumba ile miaka ishirini, naye atafute kwa siku chache kodi mpya, skuli mpya na jirani mpya wa kumwachia mtoto. Hao ndio wanaomjia binti yetu. Na mzigo huu si wa Makongeni pekee. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, takriban wanawake 20 kwa kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, ambayo sisi aghalabu huyaita uvivu, au husema ni jicho la watu.

Sasa tuliangalie deni lenyewe, maana watu hulihofia bila kulijua. Bodi ya HELB iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na aliyekopa hutakiwa aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kuhitimu. (Suala la riba ni zito kwetu, tunawaachia wanavyuoni walieleze, wala hatutajitia kuwa mamufti katika ukurasa huu.) Asiyelipa huandikiwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Basi na tupige hesabu. Miezi 12 ya kutolipa ni shilingi 60,000. Kwa miaka mingi, kiasi cha juu kabisa alichoweza kukopeshwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa mwaka mzima wa masomo kilikuwa shilingi hizo hizo 60,000. Maana yake ni kwamba binti akinyamaza mwaka mmoja, ni kana kwamba amekopa mwaka mwingine wa chuo, bila kusoma hata somo moja.

Na kunyamaza ndiko kunakoangamiza. Vijana wengi hukaa kimya kwa sababu ya haya, si kwa ujeuri. Mwenye shahada huona aibu kumwambia mamake kwamba hana kitu, naye mama huona aibu kuuliza. Jina hupelekwa kwa wanaoweka kumbukumbu za wasiolipa madeni, kisha akitafuta kazi huombwa cheti cha HELB, cheti hana, na kazi ikampita. Mnasihi hukaa mbele ya mama mwenye sonona akamwambia, "Lililo moyoni litoe." La kwake amelifungia kabatini pamoja na barua za bodi.

Mtume (s.a.w.) alifundisha dua ya kujikinga ambamo hamu, huzuni na uzito wa deni vimetajwa pamoja. Tangu zamani, basi, ilijulikana kwamba deni halikai mfukoni tu. Na katika Suratut Tawba, aya ya 60, wenye kulemewa na madeni ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Tunashangaa kwamba zaka zetu huwafikia wajane na mayatima, na ni haki yao, lakini ni nadra kumsikia mtu akiulizia deni la kijana aliyesoma. Twamwona amevaa vizuri, twadhani ameshavuka. Masharti ya nani apewe na kwa deni gani yaulizwe kwa imamu wa msikiti wenu. Sisi twasema tu kwamba swali hili liulizwe.

Liko jambo jingine ambalo twalisema kwa ukali kidogo. Kwetu, mwenye kushona nguo hulipwa, mwenye kupaka hina hulipwa, na mpishi wa pilau ya harusi hulipwa kabla sufuria haijateremshwa. Mnasihi huambiwa, "Mwanangu, ni mazungumzo tu." Si mazungumzo tu. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, nayo yataka wafanyao kazi hii wawe wamesomea na kusajiliwa. Anayeweza kulipa na alipe, hata kama ni kwa mafungu. Asiyeweza aseme mapema, wapatane kwa wazi, kuliko kuaga kwa dua kila wiki na kumwacha mwenzake bila nauli ya kurudia nyumbani.

Wala si kila huzuni inahitaji mwenye shahada. Nchini Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda, tabibu wa maradhi ya akili, alimpoteza msichana aliyekuwa akimtibu kwa sababu jamaa zake hawakuwa na nauli ya kumleta hospitali. Tangu mwaka 2006 amekuwa akiwafunza mabibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza na kuwasaidia kulitatua tatizo moja kwa wakati. Utaratibu huo umefika hadi Zanzibar. Lau kila mtaa ungekuwa na mabibi wawili watatu waliofunzwa hivyo, na mabibi twanao, yule mnasihi mmoja angebakiwa na wagonjwa wanaomhitaji hasa, na jioni angepata nafasi ya kwenda kwa msimamizi wake. Kwani mnasihi naye hupaswa kuwa na wa kumsikiliza. Hilo ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kwa mama wa Kisauni, basi, jawabu letu ni hili. Usimwambie binti aiache kazi. Mpigie simu, na safari hii usianze na lini atatuma pesa. Mwulize deni ni kiasi gani, kisha mwombe atafute taarifa kamili kutoka HELB inayotenga mkopo, riba na faini, kwa kuwa mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini zisizidi kiasi kilichokopwa. Bodi yenyewe imewahi kutoa misamaha ya faini kwa waliolipa deni lote kwa mkupuo. Aulize kama upo sasa. Kama hana uwezo huo, aandike barua aeleze kipato chake kilivyo na aombe kupangiwa malipo madogo ya kila mwezi. Barua hiyo msiisubirishe hadi mambo yatengemae. Iende kabla mwezi huu haujakwisha, kwani faini huhesabiwa kwa mwezi.